Sauti inakata, spika inapigwa msalaba mwekundu: kutibu huduma ya sauti inayoanguka kwenye kompyuta ya mezani

Iwe ni kompyuta ya kibanda umiza pale Chikongola mjini Mtwara, ya duka la kuweka nyimbo kwenye flashi Masasi mjini, au ya studio ndogo inayotengeneza matangazo ya minada ya korosho Newala, ugonjwa huwa ni ule ule. Sauti inatoka vizuri, halafu ghafla kimya. Alama ya spika pale chini kulia inapigwa msalaba mwekundu. Ukizima na kuwasha, inarudi. Baada ya nusu saa, au baada ya siku mbili, inakata tena, na kwa kawaida inachagua saa ambayo kibanda kimejaa.

Dawa anayopewa mwenye kompyuta huwa moja: "Tupige Windows upya." Hiyo iwe dawa ya mwisho. Mara nyingi haitibu, kwa sababu kinachoiangusha huduma ya sauti (programu ya Windows inayoendesha sauti chinichini) ni draiva (programu inayoiunganisha Windows na kadi ya sauti) ile ile ambayo Windows Update itairudisha kesho yake, au ni tundu la mbele lenye kutu ambalo Windows mpya haiwezi kulisafisha. Kompyuta yenyewe huandika nani kaiangusha huduma. Kazi ya kwanza ni kusoma ilichoandika, ndipo uguse kitu.

Hatua hizi ni za Windows 10 na 11. Wenye Ubuntu na jamaa zake sehemu yao iko mwishoni.

Hakikisha kwanza kwamba huduma ndiyo iliyoanguka

Ukimya una sababu nyingi. Waya umechomoka, amplifaya imezimwa, sauti imehamishiwa kwenye HDMI ya televisheni, spika ya Bluetooth imeishiwa chaji: hayo yote si kuanguka kwa huduma, na utapoteza jioni nzima ukiyatibu kama huduma.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `services.msc`, kisha Enter. Shuka mpaka herufi W. Utakuta majina mawili yanayokuhusu: Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder. Yote mawili yanatakiwa yaonyeshe "Running" na "Automatic". Sauti ikiwa imekata na Windows Audio haina neno "Running", huduma imeanguka kweli. Ikiwa inaonyesha "Running" na bado kuna ukimya, bofya alama ya spika uone sauti imeelekezwa kifaa gani.

Kuna hali ya tatu inayowachanganya wengi: sauti inakata kwa sekunde mbili tatu, inakwaruza, kisha inarudi yenyewe, na huduma inaonyesha "Running" muda wote. Hapo kilichoanguka si huduma yenyewe bali mtumishi wake, `audiodg.exe`. Windows humfufua haraka.

Huyu mtumishi ni muhimu kumwelewa, maana ndipo ugonjwa unapokaa mara nyingi. VLC au VirtualDJ inapotoa sauti, haizungumzi na kadi ya sauti moja kwa moja. Sauti hupitia Windows Audio, ikachanganywa na sauti za programu nyingine ndani ya `audiodg.exe`, ndipo ikateremshwa kwa draiva. Endpoint Builder kazi yake ni kuorodhesha vifaa: spika hii ipo, maikrofoni ile imechomolewa. Sasa, watengenezaji wa kompyuta na kadi za sauti huruhusiwa kupandisha vifaili vyao ndani ya `audiodg.exe` kwa ajili ya kuongeza besi, kupunguza kelele, kutengeneza mwangwi. Ni kama mtumbwi: abiria mmoja akisimama vibaya, wote mnaingia majini. Kifaili kimoja kibovu cha kuongeza besi kinazima sauti ya kompyuta nzima.

Soma kilichoandikwa

Windows + R tena, andika `eventvwr.msc`. Fungua "Windows Logs", kisha "System". Upande wa kulia bofya "Filter Current Log" na kwenye kisanduku cha namba za matukio andika `7031,7034,7023,7001`.

7031 na 7034 zinasema huduma imekufa ghafla, na zinataja imekufa mara ya ngapi. Tofauti yake ni kwamba 7031 inaeleza pia Windows itachukua hatua gani, kwa mfano kuiwasha tena baada ya milisekunde 60000, yaani dakika moja. 7023 ni huduma iliyojifunga baada ya kupata kosa na ikalitaja. 7001 ni tofauti kabisa: huduma haikuanguka, ilishindwa kuwaka kwa sababu huduma nyingine ambayo yenyewe inaitegemea haikuwaka.

Angalia saa. Windows inaandika kwa saa za kizungu, kwa hiyo mteja akikwambia "ilikata saa mbili usiku", wewe tafuta 8:00 PM au 20:00. Na kwenye mashine za mtumba, tazama kwanza kama saa ya kompyuta yenyewe iko sawa. Betri ya ubao mama, ile ya duara CR2032, ikiwa imekufa, kompyuta isipopata intaneti itaandika matukio ya leo kwa tarehe ya miaka ya nyuma, nawe utahangaika kuyatafuta.

Ukishapata dakika ya tukio, nenda "Application" chini ya "Windows Logs" hiyo hiyo, chuja namba 1000, utafute tukio la dakika ile ile lenye chanzo "Application Error". Ndani yake kuna mistari ya namna hii:

`Faulting application name: audiodg.exe`
`Faulting module name: RltkAPO64.dll`
`Exception code: 0xc0000005`

Mstari wa kwanza ni nani kafa. Wa pili ni nani kaua. Wa tatu ni namna: 0xc0000005 maana yake programu imegusa sehemu ya ram (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) isiyoruhusiwa. Piga picha kwa simu, maana utairudia.

Namna ya kuusoma mstari wa pili:

Jina likianza na Rltk au Rt, ni kifaili cha Realtek. Likiwa na Maxx, ni nyongeza za Waves zinazopatikana sana kwenye mashine za Dell. Nahimic hukaa kwenye mbao mama za kuchezea gemu. EqualizerAPO.dll ni ile programu ya kupanga besi na treble ambayo vijana wa studio huipenda. Kwa hawa wote, nenda moja kwa moja kwenye kuzima nyongeza, halafu draiva.

Likiwa AudioEng.dll, AudioSes.dll au audiosrv.dll, hayo ni mafaili ya Windows yenyewe. Usikimbilie kuyalaumu, kwa kuwa mara nyingi yanaangukia takataka waliyopewa na draiva. Anza na draiva, kisha kagua mafaili ya mfumo.

Likiwa ntdll.dll, umepewa jibu la juu juu. Karibu kila kitu kwenye Windows hupita humo. Ikiambatana na 0xc0000374, kuna kitu kimeharibu kumbukumbu ya programu kabla ya hapo.

Na jina likibadilika kila mara, leo hili, kesho lile, keshokutwa programu ya kuandikia nayo imeanguka, acha kabisa mambo ya sauti. Hapo unashuku ram au diski.

Kama orodha ni ndefu na inakuchosha, andika `perfmon /rel` kwenye Windows + R. Utaona kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku iliyokuwa na ajali. Faida yake kubwa ni kuonyesha kilichosakinishwa siku moja kabla ya matatizo kuanza. Alama nyekundu zikianza tarehe 12 na tarehe 11 kuna draiva ya sauti iliyosasishwa, kesi imekwisha nusu.

Kuirudisha sauti sasa hivi, mechi inaendelea

Huhitaji kuzima kompyuta. Andika `cmd` kwenye kitafutio, bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha:

`net stop audiosrv`
`net stop AudioEndpointBuilder`
`net start audiosrv`

Amri ya mwisho itamwamsha na Endpoint Builder, kwa kuwa Windows Audio inamtegemea. Amri ya kwanza ikijibu kwamba huduma haijawashwa, usijali, ndiyo ilikuwa imekufa. Programu iliyokuwa inapiga muziki uifunge na kuifungua tena, maana nyingi hubaki zimeshikilia njia ya zamani iliyokufa na hazitoi sauti hata huduma ikifufuka.

Ili isikusumbue usiku huo, rudi `services.msc`, bofya mara mbili Windows Audio, kichupo cha "Recovery", na kwa "First failure", "Second failure" na "Subsequent failures" chagua "Restart the Service". Hilo ni gongo la kutembelea. Usikabidhi kazi kwa mteja hapo ukasema umemaliza.

Kabla ya kubadilisha chochote

Tengeneza pa kurudia: Windows + R, `sysdm.cpl`, kichupo cha "System Protection", hakikisha ulinzi wa diski C umewashwa, bofya "Create", ipe jina. Dakika mbili tatu tu.

Zima nyongeza za sauti

Hii ndiyo hatua yenye manufaa makubwa kwa jasho kidogo, na haili bando.

Andika `mmsys.cpl`. Kwenye "Playback" chagua spika zako, kisha "Properties". Ukikuta kichupo cha "Enhancements", weka alama kwenye "Disable all enhancements". Kwenye mashine nyingine alama hiyo iko ndani ya "Advanced" na imeandikwa "Enable audio enhancements", hivyo unaiondoa. Windows 11 nayo ina njia yake: Settings, System, Sound, bofya kifaa chako, halafu "Audio enhancements" iwe "Off".

Hapo hapo kwenye "Advanced" shusha kiwango cha sauti mpaka 16 bit, 48000 Hz. Kuna watu huweka 24 bit, 192000 Hz wakiamini muziki utakuwa mzito zaidi. Kwa spika za kibandani na MP3 za kawaida hakuna sikio litakalotambua, lakini kompyuta inabebeshwa sampuli mara nne kwa kila sekunde, na baadhi ya draiva za zamani hushindwa. Ondoa pia alama kwenye "Allow applications to take exclusive control of this device" ili VirtualDJ au programu nyingine isiipokonye kadi ya sauti peke yake.

Rudia haya kwa kila kifaa kinachotumika, pamoja na maikrofoni kwenye "Recording". Nyongeza za maikrofoni nazo huangusha `audiodg.exe`, na watu huzisahau kwa sababu wao hawarekodi.

Umeweka Equalizer APO, Voicemeeter au programu ya kubadilisha sauti? Iondoe kwa muda wa majaribio, hata kama unaipenda, kisha uwashe upya kompyuta.

Badilisha draiva bila kutumia intaneti

Kama kuzima nyongeza hakukusaidia, iweke kando draiva ya mtengenezaji na utumie ile ya Microsoft, ambayo tayari imo ndani ya Windows. Haina nyongeza za mtengenezaji, ndiyo maana inatufaa.

Windows + R, `devmgmt.msc`. Fungua "Sound, video and game controllers". Bofya kulia Realtek, au jina lolote lililopo, chagua "Update driver", kisha "Browse my computer for drivers", kisha "Let me pick from a list of available drivers on my computer". Kwenye orodha chagua "High Definition Audio Device", bofya Next, kubali onyo, washa upya.

Unapoteza nini? Kidirisha cha Realtek kinachokuuliza umechomeka nini kitatoweka, na kwenye mashine chache tundu la mbele linaweza lisitambulike. Ukikuta hivyo, tumia la nyuma au rudi kule kule, kwenye kichupo cha "Driver" ubofye "Roll Back Driver".

Iache kompyuta ipige muziki siku nzima. Ikitulia, umempata mkosaji. Unaweza kubaki na draiva ya Microsoft maisha yako yote. Ukihitaji ya mtengenezaji, ichukue kwenye ukurasa wa modeli yako kamili wa Dell, HP au Lenovo. Programu zile zinazojitangaza kwamba zinasasisha draiva zote kwa kubofya mara moja ziache, zinaleta zaidi ya ulichoomba.

Shida moja itakayokurudia: Windows Update inaweza kuirudisha draiva ya zamani bila kukuuliza. Orodhesha zilizohifadhiwa kwa `pnputil /enum-drivers` kwenye cmd ya msimamizi, tafuta yenye darasa la sauti (MEDIA au "Sound, video and game controllers") na jina la mtengenezaji wako, tazama jina lake la oem, kisha uifute, kwa mfano `pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall`. Namba 12 ni mfano. Ukifuta namba isiyo yako unaweza kubaki bila mtandao au bila picha. Baada ya hapo andika "device installation settings" kwenye kitafutio, uchague "No", ili isipakuliwe upya.

Tundu, waya na hewa ya pwani

Sehemu hii hukosekana kwenye miongozo mingi inayoandikwa mbali na bahari. Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko, kompyuta inavuta hewa ya chumvi mwaka mzima, na tundu za mbele ndizo zinazoumia kwanza.

Chukua tochi ya simu, uimulike ndani ya tundu la spika la mbele. Chuma kizima kinang'aa. Kilicholiwa kina unga wa kijani au madoa meusi, na ulimi mdogo wa pembeni unaogusa pini ukawa umelegea. Ulimi huo ndio unaoiambia kompyuta kwamba kuna kitu kimechomekwa. Ukigusa na kuachia mara kumi kwa dakika, Endpoint Builder naye anaongeza kifaa na kukiondoa mara kumi kwa dakika, na draiva mbovu haivumilii hilo. Dalili yake unaiona wazi: fungua `mmsys.cpl`, tikisa waya taratibu, utaona alama ya kifaa ikiwaka na kuzimika, au vidirisha vya "umechomeka kifaa" vikijitokeza ovyo.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 10 ili umeme uliobaki uishe. Zungushia pamba nyembamba kwenye kijiti cha meno, ilowanishe kwa spiriti ya aina ya isopropyl ya asilimia 90 au zaidi, isichuruzike, zungusha ndani ya tundu taratibu. Badilisha pamba mpaka itoke safi. Acha ikauke kama robo saa. Usitumie mafuta ya cherehani wala petroli. Safisha na pini ya waya pia, maana mara nyingi kutu iko pande zote mbili.

Ukitaka kuwa na hakika, fungua sipiyu (boksi la kompyuta) ulitenge kabisa tundu la mbele. Fuata waya kutoka tundu la mbele hadi ubao mama, utaishia kwenye plagi ndogo yenye nafasi ya pini 10, moja haipo. Kwenye mbao nyingi pameandikwa HD_AUDIO, F_AUDIO au AAFP. Kwenye Dell na HP plagi inaweza kuwa ya umbo lao wenyewe. Ichomoe kompyuta ikiwa imezimwa, tumia tundu la kijani la nyuma. Huduma isipoanguka tena, umeokoa pesa ya kadi mpya.

Wanaotumia kadi ya sauti ya USB, ile inayojitambulisha kama "USB PnP Sound Device", wachomeke nyuma ya sipiyu, si mbele, wala si kwenye kigawanyo kisicho na umeme wake chenye kipanya, kibodi, flashi mbili na modemu. Umeme wa tundu unagawanywa, kadi inazimika nusu sekunde, huduma inayumba. Kwenye `devmgmt.msc`, fungua "Universal Serial Bus controllers", kila "USB Root Hub", kichupo cha "Power Management", ondoa alama kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power".

Kadi hiyo hiyo ya USB ni kipimo kizuri. Zima kifaa cha ndani kwenye `devmgmt.msc` kwa "Disable device", tumia ya USB siku nzima. Sauti ikitulia, ugonjwa uko kwenye sauti ya ubao mama au draiva yake. Ikianguka vile vile, ugonjwa uko kwenye Windows, ram au diski.

Mafaili ya mfumo, diski na ram

Umeme ukikatika kompyuta ikiwa inaandika, mafaili hubaki nusu. Kompyuta isiyo na UPS (betri ya akiba), inayozimika ghafla mara kadhaa kwa wiki, itafika mahali `audiosrv.dll` au ufunguo wake ndani ya rejista (daftari la mipangilio ya Windows) umeharibika. Kwenye cmd ya msimamizi anza na diski:

`chkdsk C: /scan`

Kisha hifadhi ya Windows, kisha mafaili yenyewe, kwa mpangilio huu:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`
`sfc /scannow`

Mpangilio una sababu. `sfc` huchukua mafaili mazima kutoka kwenye hifadhi ambayo DISM ndiyo inayoitengeneza. Ukitanguliza `sfc` hifadhi ikiwa mbovu, itajibu imeshindwa kutengeneza baadhi ya mafaili. DISM huvuta mafaili kutoka Microsoft, kwa hiyo kama unatumia bando la simu tumia flashi yenye Windows ya toleo lile lile:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess`

E ni herufi ya flashi. Ndani ukikuta `install.esd` badala ya `install.wim`, badilisha WIM kuwa ESD na jina la faili. Namba 1 ya mwisho ni toleo ndani ya faili, hakikisha inalingana na yako, Home au Pro, kwa `DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim`. DISM ikisimama kwenye asilimia fulani kwa dakika kadhaa usiikatishe. Ni kawaida yake.

Kwa ram, andika `mdsched.exe`, kubali kuwasha upya, iache ipime. Ikikuta makosa na kuna ram mbili, toa moja, pima, kisha badilishana. Kabla ya kuitupa, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa unga, irudishe mpaka vishikio vijifunge vyenyewe. Kwa mashine iliyokaa karibu na bahari, hilo peke yake huponya zaidi ya unavyodhani.

Ikiwa huduma haiwaki kabisa

Hapa hatuzungumzii kuanguka tena, ila mara nyingi ndiko kunakoishia baada ya mtu kupitisha programu ya "kuharakisha kompyuta" au kusakinisha Windows "nyepesi" iliyopunguzwa na mtu asiyejulikana. Andika:

`sc qc audiosrv`

Kwenye Windows 10 na 11 unatarajia kuona START_TYPE ikiwa 2 AUTO_START, utegemezi kwa AudioEndpointBuilder na RpcSs, na SERVICE_START_NAME ikiwa NT AUTHORITY\LocalService. Endpoint Builder yeye anatumia LocalSystem. Kosa 1068 maana yake mmojawapo wa wanaotegemewa hajawaka. Kosa 1079 maana yake akaunti imebadilishwa: fungua huduma, kichupo cha "Log On", kwa Windows Audio andika `NT AUTHORITY\LocalService`, futa nywila zote mbili ziwe tupu. Kwa Windows 7 ambazo bado zipo, Multimedia Class Scheduler nayo lazima iwe imewaka.

Inazunguka mitandaoni amri ya kuingiza `localservice` na `networkservice` kwenye kundi la wasimamizi. Inafanya kazi wakati mwingine, ndiyo maana inasambaa. Lakini umezipa huduma zinazozungumza na mtandao ufunguo wa nyumba nzima ili kuficha ruhusa moja iliyoharibika. Usiifanye, na kama fundi aliyekutangulia aliifanya, itoe kwa `net localgroup administrators localservice /delete`, vivyo hivyo kwa `networkservice`.

Windows iliyopunguzwa mafaili huwezi kuikarabati kikamilifu, kwa sababu unachokitafuta kilitolewa makusudi. Hiyo ndiyo unaipiga upya. Kwa Windows halali iliyoharibika sana, ipige juu ya ile iliyopo: fungua flashi ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, bofya `setup.exe`, chagua "Keep personal files and apps". Nyimbo na programu za mteja zinabaki. Hata hivyo nakili kwanza mafaili ya maana kwenye diski ya nje. Kumbuka Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama mashine inakidhi vigezo vya Windows 11, huo ndio wakati wa kuhamia.

Kwa wanaotumia Linux

Ubuntu kuanzia toleo la 22.10 hutumia PipeWire kwa sauti, 22.04 na kushuka ni PulseAudio. Kwa PipeWire tazama hali, kisha soma alichoandika:

`systemctl --user status pipewire pipewire-pulse wireplumber`
`journalctl --user -b -u pipewire -u wireplumber`

Usiweke `sudo`, huduma hizi ni za mtumiaji, si za mfumo. Ukiona "Start request repeated too quickly", maana yake imeanguka mara nyingi mfululizo (kwa kawaida zaidi ya mara 5 ndani ya sekunde 10) na systemd, msimamizi wa huduma wa Linux, imechoka kuiwasha. Mpe ruhusa upya:

`systemctl --user reset-failed`
`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Ikirudi kuanguka, mara nyingi ni kumbukumbu mbovu ya vifaa iliyohifadhiwa kwenye diski. Badilisha jina la folda `~/.local/state/wireplumber`, toka kwenye akaunti, ingia tena. Kwa PulseAudio folda ni `~/.config/pulse`. Kabla ya kuigusa, andika `ls -l ~/.config/pulse` uone mwenye mafaili. Ukikuta root (msimamizi mkuu wa mfumo), kuna mtu aliwahi kuandika `sudo pulseaudio`, na tangu siku hiyo huduma ya mtumiaji inakatazwa kusoma mafaili yake mwenyewe:

`sudo chown -R $USER: ~/.config/pulse`
`pulseaudio -k`

Kupima kabla ya kumkabidhi mteja

Toa kwanza lile gongo: "Recovery" zote ziweke "Take No Action" kwa muda wa majaribio, vinginevyo huduma inaweza kuanguka na kujifufua bila wewe kujua. Fungua orodha ndefu ya nyimbo, iache ipige muda wa saa nne mfululizo. Katikati chomeka na kuchomoa pini ya spika mara kadhaa, fungua video ya YouTube juu ya muziki, ilaze kompyuta na kuiamsha. Kisha rudi `eventvwr.msc` na namba zile zile, 7031 na 7034 kwenye "System", 1000 kwenye "Application". Kusiwe na tukio jipya la sauti tangu ulipoanza. Likiwepo, soma jina la kifaili, lilinganishe na ile picha uliyopiga mwanzo. Jina lile lile maana yake dawa haijaingia. Jina jipya maana yake ulikuwa na wagonjwa wawili, na wa pili unamwanza kwenye hatua ya nyongeza. Orodha ikiwa safi, rudisha "Restart the Service", kisha umpigie mteja aje na flashi yake.